Sauti ya Hadharani: Habari za Kipaza Sauti na Pahali pa Kukiweka

Kabla ya umeme kufika, na kabla ya mwanadamu kujaaliwa chombo cha kuikuza sauti yake, watu wa kila zama walikwisha kuyatafutia hila mas'ala ya kusikilizana penye umati mkubwa. Na hila hizo, mtu akizitazama kwa makini, ataona kuwa aghalabu hazikuwa za kuongeza nguvu za koo, bali za kuchagua pahali pa kusimama. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.), alipokuwa katika maradhi yaliyomfisha, aliwasalisha watu hali ameketi, na Abubakari akawa anawasikilizisha takbira waliokuwa nyuma. Kutokana na mapokeo hayo ikathibiti katika misikiti mikubwa kazi ya mubalighi, mtu aipokeaye takbira ya imamu inapoanza kufifia na kuipeleka nyuma kwa pumzi mpya. Mjini Cairo, katika Msikiti wa Sultan Hassan uliojengwa katika karne ya 14, lipo hata leo jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo, liitwalo dikka, lililojengwa makusudi kwa ajili ya kazi hiyo. Nimelitaja jukwaa hilo mapema kwa kuwa mafundi wa Ulaya na Marekani, walipoanza kuangika vipaza sauti viwanjani, iliwachukua zaidi ya miaka 30 kuifikia barabara hikima iliyomo ndani yake, nayo ni kwamba asiyesikia hasaidiwi sana kwa kupigiwa ukelele kutoka mbali. Husaidiwa kwa kusogezewa sauti karibu.

Katika mwambao wetu nako palikuwa na elimu yake. Siwa, pembe kubwa ya fahari ambayo hupulizwa kwa tundu la ubavuni, ilikuwa sauti ya dola na ya waungwana: iliposikika, watu walijua kuwa pana harusi ya watu wakubwa, au mtawala anatawazwa. Ile ya Pate, ya pembe ya ndovu, yenye urefu upatao mita 2, na ile ya Lamu, ya shaba, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu, na mwenye kuzitazama hana budi kustaajabia ufundi wake. Lakini siwa haina maneno. Kazi yake ni kufika mbali, na kwa kazi hiyo haidhuru kitu kama mlio wake umegonga ukuta ukarudi, au umevurugwa na upepo njiani, maadamu umesikika. Mbiu ya mgambo ilikuwa na kazi ya namna nyingine. Mpiga mbiu alipuliza pembe yake ya nyati ili watu wanyamaze na kutega masikio, kisha akayatamka maneno ya mwenye amri kwa mdomo wake, akenda hatua kadhaa hadi baraza nyingine au njia panda nyingine, akayatamka tena. Hakuna aliyemwambia asimame juu ya paa moja na kuwapigia kelele watu wa mji mzima, kwani ilijulikana kuwa mlio wasafiri mbali ilhali neno lafika karibu tu.

Misikiti yetu nayo yashuhudia hayo. Minara ya zamani ni nadra pwani hii: upo wa msikiti wa Mandhry, Mombasa, upo wa Malindi, Unguja, upo na wa Shela, katika msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, ama misikiti mingine mingi ya kale haikuwa na mnara, na mwadhini aliadhini darini, au juu ya ngazi fupi ya mawe, au hata mlangoni. Nyumba zilikuwa zimebanana, kila mtaa ulikuwa na msikiti wake, na sauti ya mtu mmoja ilitosha kwa watu wake.

Chombo cha umeme kilichokuja kuigeuza desturi hii asili yake ni koili ndogo ya waya mwembamba, iliyowekwa kinywani mwa sumaku: mkondo wa umeme uliobeba sauti ukipita ndani ya waya, koili hutetemeka, nayo hukitetemesha kiwambo chepesi, na kiwambo huisukuma hewa. Mwingereza Oliver Lodge alipata hataza ya chombo cha aina hiyo mwaka 1898, lakini walioifanya sauti yake isikike hadharani ni mafundi wawili waliokuwa wakifanya kazi katika mji mdogo wa Napa, huko California, Peter Jensen, aliyezaliwa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham. Mwaka 1915 walikiunganisha chombo chao na pembe ya santuri, na jambo la kwanza kulisikia halikuwa usemi wa mtu bali mluzi wa kutisha, kwa kuwa mikrofoni ilikuwa karibu na pembe, ikaisikia sauti yake yenyewe, ikaikuza na kuirudisha, nayo ikakuzwa tena, pasina mwisho. Wakaipandisha pembe juu ya paa la nyumba, mikrofoni ikabaki chini, na mluzi ukakoma. Basi tangu siku ya kuzaliwa kwake chombo hiki kiliwadhihirishia wenyewe kuwa swali la kwanza si ukubwa wake bali pahali pake. Na hadi leo fundi anayeiweka spika nyuma ya msemaji, ikimtazama kisogoni, atautafuta mluzi ule na kuupata.

Tarehe 24 Desemba mwaka huo huo, usiku wa kuamkia Krismasi, mitambo yao ilisikika mbele ya makumi ya maelfu ya watu waliokusanyika penye ukumbi wa baraza la mji wa San Francisco. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Septemba 1919, Rais Woodrow Wilson alihutubia watu wapatao 50,000 katika uwanja wa michezo wa San Diego, akiwa amesimama ndani ya kibanda cha vioo, na pembe za kampuni yao, Magnavox, zikiwa juu yake. Kibanda kile chastahili kuangaliwa kidogo. Vioo viliwekwa ili mikrofoni isisikie upepo wala isiisikie pembe; na mtu ambaye siku zote alizoea kuwatazama wasikilizaji wake na kuipima sauti yake kwa nyuso zao akajikuta amefungiwa, akisema ndani ya sanduku, na sauti yake ikitoka pengine. Wasemaji wa hadhara walianza siku hizo kujifunza adabu mpya, ya kutopaaza sauti na ya kungoja maneno yafike, na wako wasioijua mpaka sasa.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya nguvu. Kila penye umati, jibu lilikuwa pembe kubwa zaidi na umeme mwingi zaidi, zikirundikwa mahali pamoja karibu na jukwaa. Hesabu ya maumbile haikubaliani na jibu hilo. Uwanjani, pasipo kuta, kila umbali unapozidi maradufu sauti hupungua desibeli 6: spika inayotoa desibeli 100 kwa msikilizaji aliye mita 10 mbele yake, kwa aliye mita 20 ni 94, kwa aliye mita 40 ni 88, na kwa aliye mita 80 ni 82. Na sikio la mwanadamu ni gumu kuridhika, kwani ili lione kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu ya umeme haina budi kuzidishwa mara 10 hivi. Mwenye kuondoa mtambo wa wati 100 na kuleta wa wati 200 ametumia fedha zake kwa tofauti ambayo wasikilizaji hawataitambua ila kwa shida. Na huyo aliye nyuma apatapo kusikia, aliye mbele amekwisha kuumizwa masikio. Nimehudhuria harusi na maulidi ya namna hii zaidi ya nilivyopenda, wazee waliopewa viti vya mbele kwa heshima yao wakiziba masikio kwa viganja, na walio uani wakiulizana kumesemwaje.

Njia ya pili iliyojaribiwa, ya kutawanya spika kuuzunguka uwanja, ilizaa udhia wake. Sauti hwenda mita kama 340 kwa sekunde. Katika kiwanja cha upana wa mita 100, mtu aliyesimama chini ya pembe ya upande mmoja huipata ile ya upande wa pili baada ya karibu thuluthi ya sekunde, na katika muda huo msemaji wa kadiri amekwisha kutamka silabi nyingine, basi silabi ya kwanza hurudi na kuifunika ya pili. Tofauti ya safari ikipita mita 17 hivi, sikio huanza kuzihesabu kuwa sauti mbili. Wajerumani katika miaka ya 1930, kwa makusudi ambayo ulimwengu uliyalipia kwa damu, waliyachungua mambo haya kuliko wengine wote, na kampuni ya Telefunken ikatengeneza vipaza sauti vyenye umbo la uyoga, vilivyosimamishwa katikati ya watu, kila kimoja kikiihudumia duara yake. Yasikitisha kwamba elimu hiyo ilipata malezi yake katika mikutano ya dhulma; lakini elimu yenyewe ni sahihi, na wanyonge waliitumia vilevile. Bara Hindi, kampuni ya akina Motwane, iliyojiita Chicago Radio ingawa ni ya Wahindi watupu, ilivisimamisha vipaza sauti vyake katika mkutano wa chama cha Congress mjini Karachi mwaka 1931, na Gandhi, ambaye hakuwa na sauti kubwa kabisa, akasikika na umati ambao koo lake lisingeufikia abadani.

Baadaye, kwa njia za biashara zile zile zilizotuletea vitambaa na viungo, pembe za Kihindi zilifika pwani yetu. Jina la Ahuja, kampuni iliyoanzishwa Delhi mwaka 1940, laonekana juu ya mapaa ya misikiti na makanisa mengi ya Afrika ya Mashariki. Pamoja nalo lipo la TOA, ya Kobe, Japani, iliyoanzishwa mwaka 1934 na kuuza kipaza sauti cha mkononi cha umeme tangu 1954. Huko Indonesia jina hilo limekuwa ndilo jina la pembe yoyote ya msikitini, iwe imetengenezwa na nani.

Adhana iliingia katika mambo haya mapema. Mwaka 1936 Msikiti wa Sultan wa Singapore ulifunga vipaza sauti, na magazeti ya huko yakaiandika habari hiyo kuwa ni ajabu. Kuhusu adhana yenyewe ubishi haukuwa mkubwa, kwa kuwa muradi wake ni kuita; ama katika sala mambo yalikuwa mazito. Maulamaa wa Bara Hindi, miongoni mwao Ashraf Ali Thanvi, aliyefariki mwaka 1943, walihoji kama sauti itokayo katika chombo ni sauti ya imamu mwenyewe au ni mwangwi wake, kwani anayemfuata imamu hana ruhusa ya kuufuata mwangwi. Mwanafunzi wake, Mufti Muhammad Shafi, aliyekuja kuwa mkubwa wa maulamaa wa Pakistan, aliwauliza wenye elimu ya maumbile, akaupima upya ushahidi, na mwisho akaelekea kwenye ruhusa. Wako wanaolihesabu swali hilo kuwa ni la watu wasiojua umeme. Mimi naliona kuwa ni swali la watu waliojali sana jambo ambalo wauzaji wa spika walikuwa bado hawajalijali, yaani sauti imfikiayo msikilizaji ni ya nani na yatoka wapi. Na inafaa kukumbusha kwamba mubalighi hakuondoka: katika Msikiti Mtakatifu wa Makka, palipo na vipaza sauti visivyo idadi, yupo hata leo anayeipokea takbira ya imamu na kuirudia.

Jibu la swali la sauti yatoka wapi lilitolewa na Helmut Haas, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Göttingen, katika tasnifu yake ya mwaka 1949. Alithibitisha kwamba sauti moja ikimfikia mtu kwa njia mbili, na ya pili ikachelewa kwa muda usiozidi milisekunde 30 hivi, sikio huzikusanya kuwa moja na kuamini kuwa yote imetoka kule ilikotoka ya kwanza, hata kama ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Maana yake ni kubwa. Ukiiweka spika ndogo karibu na msikilizaji wa nyuma, na ukaichelewesha kwa muda kidogo ili sauti halisi ya msemaji imtangulie kufika, mtu huyo atasikia maneno kwa nguvu ya spika iliyo karibu naye, na moyo wake utaamini kuwa anamsikia yule aliye mbele. Katika London, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Peter Parkin na mwenzake Taylor waliifanya kazi hiyo katika kanisa kuu la St Paul's, ambamo sauti moja hubaki ikizunguka chini ya kuba kwa zaidi ya sekunde 10. Walisimamisha nguzo nyembamba zilizojaa spika ndogo zilizopangwa juu kwa juu, ambazo hutupa sauti kwa upana juu ya vichwa vya watu bila kuipandisha darini, na wakazichelewesha zile za nyuma kwa sahani ya sumaku iliyozunguka, sauti ikiandikwa juu yake na kusomwa punde kidogo baadaye. Kazi hiyo siku hizi hufanywa na kidude kisichozidi ukubwa wa kitabu, na bei yake imeshuka mno. Hata hivyo ni nadra kukikuta viwanjani kwetu.

Lililobaki lilikuwa waya. Spika ya kawaida ikiwekwa mbali na mtambo, umeme wake hupotea njiani kwa ukinzani wa waya. Mafundi waliazima hila ya mashirika ya umeme: volti hupandishwa, aghalabu hadi 100, ili mkondo uwe mdogo na waya mwembamba utoshe kwa mamia ya mita, kisha kila spika hupewa transfoma yake ya kuishusha, na juu ya transfoma huchaguliwa sehemu ya wati itakiwayo pale, ziwe 2 ama 5 ama 10. Kwa hila hiyo spika 20 zaweza kufuatana katika waya mmoja kando ya njia ya soko, kila moja ikisema kwa sauti ya chini. Muziki wa madukani na wa hotelini, ulioanzia kwa Jenerali George Squier wa Marekani na kampuni iliyopewa jina la Muzak mwaka 1934, ulijengwa juu ya fikira hiyo hiyo ya sauti ndogo iliyo kila pahali.

Kwetu sisi fikira hiyo ilikuja kwanza kwa redio. Sauti ya Unguja ilianza kusikika mwaka 1951 kutoka Raha Leo, na mwaka huo huo kikaanza kituo cha Dar es Salaam. Tangu 1954 Radio Cairo ikawa na idhaa ya Kiswahili. Wenye redio walikuwa wachache, na mwenye mkahawa aliyekuwa nayo hakuificha ndani: aliiweka kwenye rafu iliyoelekea mlango, ili wateja waisikie na walioketi barazani wasikose. Sanduku moja la mbao, lenye spika isiyozidi upana wa kiganja, liliwatosha watu 20 au 30 waliokaribiana na kunyamaza. Sijapata kuona katika vitabu vya ufundi mfano ulio bora wa namna ya kupanga sauti katika pahali pa biashara: chanzo kidogo, kilicho kwenye kimo cha masikio, kikielekezwa kwa waliotaka kusikia, na mwenye nyumba yupo karibu kuipunguza.

Walakini pwani ina masharti yake, ambayo chombo kilichotengenezwa Kobe au Delhi hakiyajui. Niliwahi kumtazama fundi mmoja akifungua pembe ya msikiti ulio karibu na bahari. Pembe za aina hii zimekunjwa: sauti huingia kwa bomba la kati, hurudi nyuma, kisha hutoka mbele, ili pembe ndefu ikae ndani ya umbo fupi. Aliifungua parafujo moja moja, na mbili zikamkatikia mkononi kwa kutu; ndani ya mkunjo palikuwa na viota vya udongo vya nyigu, na koili, iliyokuwa ya rangi ya shaba safi, ilikuwa imeota ukungu wa kijani kwa chumvi. Kinywa cha pembe kilikuwa kimeelekezwa juu kidogo, kama kwamba kinaihutubia mbingu, kwa hiyo kila mvua ya masika iliacha maji yake ndani. Fundi aliirudisha ikiwa imeinama kidogo kuelekea njiani, akafunga kwa parafujo zisizoshika kutu, na kazi hiyo ndogo iliinyosha sauti kuliko ambavyo ingefanya pembe mpya.

Na upepo nao. Sauti ielekeayo kule uendako upepo hupinda chini ikawafikia watu, na ile iukabiliayo hupanda juu na kuwapita. Kwa hiyo spika iliyopimwa wakati wa Kaskazi si lazima itosheleze wakati wa Kusi. Hali kadhalika jua la mchana likiipasha moto ardhi, sauti hupinda juu, ama usiku, hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu yake, sauti hupinda chini na kufika mbali. Ndiyo sababu adhana ya alfajiri husikika mitaa mitatu zaidi ya ile ya adhuhuri, na chombo hakijaguswa. Mwenye kuipima spika yake saa sita za mchana, katikati ya makelele ya magari, kisha akaiacha vivyo hivyo hadi alfajiri, ameipima kwa saa isiyo yake.

Serikali zimejaribu kuyaweka haya katika kanuni. Kenya ilitoa kanuni zake za kuzuia kelele mwaka 2009, Tanzania ikatoa zake mwaka 2015, na mwaka 2021 Saudi Arabia iliamuru vipaza sauti vya nje ya misikiti vitumike kwa adhana na ikama tu, na kwa nguvu isiyozidi thuluthi. Mji wa Cairo ulikwenda mbali zaidi ukaijaribu adhana ya pamoja, inayosomwa na mtu mmoja na kupelekwa kwa redio misikitini, ili adhana zisigongane.

Mji Mkongwe wa Unguja una misikiti ipatayo 50 katika eneo ambalo mtu hulivuka kwa miguu kwa muda mfupi, na mingi ina pembe zake darini. Sipendi kuona waadhini wake wakinyamazishwa kwa ajili ya sauti moja ya mbali, kwani kila msikiti una mtu wake na mtaa wake, na watu wa mtaa huitambua sauti ya mzee wao kabla ya kuyatambua maneno. Nionavyo mimi, pembe zishushwe kutoka darini, ziwekwe spika ndogo kwenye kuta za vichochoro, juu kidogo ya kimo cha mtu, kila moja kwa wati chache. Na fundi atakayepewa kazi hiyo asianze kwa kupanda ngazi. Aanze kwa kutembea vichochoroni wakati wa utulivu, mtu mwingine akimsomea gazeti kwa sauti ya kadiri kutoka mlangoni pa msikiti, naye akitia alama ya chokaa ukutani kila pahali ambapo maneno yanaanza kumpotea, kwa kuwa hapo ndipo spika ifuatayo itakapotakiwa.